Kipande: Karne Moja ya Dharura Nchini Kenya

Ukisimamishwa na askari usiku katika mtaa wowote wa Nairobi, swali la kwanza huwa moja: kipande kiko wapi? Serikali imeipa kadi hiyo majina kadhaa, rasmi na ya kupendeza, lakini mitaani jina la kale halijang'oka. Kwa maana hiyo neno hili lina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Ndani yake imo historia ya namna dola ilivyojifunza kumjua raia wake kwa kidole, kwa kijiji, kwa kabila na hatimaye kwa simu aliyoibeba mfukoni. Historia hiyo ina mwendo unaojirudia. Hofu huzuka, na mara nyingi ni hofu ya kweli. Hutungwa sheria ya kuikabili, ikiitwa ya muda. Kisha hofu hupita, na ile sheria hubaki ikitafutiwa kazi nyingine.

Kabla ya kuwa kitambulisho, kipande kilikuwa hesabu ya kazi. Kibarua alipewa karatasi yenye nafasi 30. Kila siku aliyoimaliza ilitiwa alama, na karatasi ikijaa ndipo alipolipwa. Katika milima ya Usambara Wajerumani waliigeuza hesabu hiyo kuwa shuruti. Kuanzia mwaka wa 1907 kila mwanamume alipewa kadi iliyomtaka amfanyie mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne. Upande wa kaskazini, Waingereza walikuwa na kodi ya nyumba tangu mwaka wa 1901, na sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka wa 1906, ambayo ilimfanya kibarua anayeuacha mkataba wake kuwa mhalifu. Lakini sheria hiyo ilikuwa na tundu. Mtoro aliyevuka mto na kubadili jina alikuwa amekwisha kupotea, kwa kuwa hapakuwa na kamba ya kumfunga mtu na jina lake. Kamba hiyo ilikuwa tayari Bengal, ambako mwishoni mwa karne ya 19 maofisa wa Kiingereza na wasaidizi wao Wahindi, Azizul Haque akiwa mmojawapo, walibuni utaratibu wa kupanga alama za vidole ili rekodi ya mtu mmoja iweze kuchomolewa kati ya maelfu.

Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyoileta kamba hiyo Nairobi. Walowezi walikuwa wakidai udhibiti wa vibarua kwa miaka mingi, na wizara huko London haikuwa na haraka ya kuwasikiliza. Vita vilipopamba moto, mwaka wa 1915, walipata viti katika Baraza la Vita, na madai ya zamani yakavalishwa sare ya ulinzi wa nchi. Mwaka huohuo zikatungwa sheria ya kuwaandikisha kwa nguvu wapagazi wa jeshi, sheria ya ardhi iliyowapa walowezi ukodishaji wa miaka 999, na sheria ya kuwasajili wenyeji. Wapagazi hao, ambao jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, homa na kuhara. Sheria ya usajili yenyewe haikutumika wakati wa vita, kwa kuwa hapakuwa na maofisa wa kuitekeleza. Ilianza kazi mwishoni mwa mwaka wa 1919, bunduki zilipokuwa kimya mwaka mzima. Hapa ndipo mwanafunzi wa historia hii anapaswa kutua kidogo. Chombo kilichopitishwa kwa kisingizio cha vita kilizinduliwa wakati wa amani, na adui aliyekusudiwa hakuwa Mjerumani tena. Alikuwa kibarua aliyechoka na shamba la bwana wake.

Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kubeba kipande. Karatasi ilionyesha jina lake, kabila lake, wilaya yake na alama za vidole vyake, kisha majina ya waajiri, tarehe za kuanza na kuacha kazi, na mshahara aliolipwa. Iliwekwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Waliokivaa walikifananisha na njuga ya mbuzi. Ubaya wake mkubwa, hata hivyo, haukuwa kwenye kamba. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia mtu, mtu huyo hangeweza kuajiriwa kwingine kihalali. Na mshahara wa zamani ukiwa umeandikwa pale, bwana mpya hakuona sababu ya kutoa zaidi. Kwa karatasi moja walowezi walipata askari wa doria, karani wa mishahara na shahidi wa mahakamani.

Upinzani haukukawia. Mwaka wa 1921 Harry Thuku, karani wa simu wa serikali, aliwaunganisha vijana wa Nairobi dhidi ya kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 1922. Tarehe 16 ya mwezi huo umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi ukidai aachiliwe, na Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa wanawake waliowasuta wanaume kwa kusitasita. Polisi wakafyatua risasi. Serikali ilikiri vifo 21; waliokuwapo walihesabu zaidi. Thuku akapelekwa Kismayu bila kesi, naye Muthoni akazikwa. Yeye na wanawake wenzake waliokufa siku ile hawakuwa na kipande. Sheria haikuwajua, kwa kuwa ilimhesabu mwanamume wa kuajiriwa peke yake, na ikabaki hivyo hadi mwishoni mwa miaka ya 1970.

Vita vya Pili vilileta hofu mpya na matumizi yaleyale. Mei 1940, kwa kanuni za ulinzi wa wakati wa vita, serikali ilipiga marufuku Chama Kikuu cha Wakikuyu pamoja na vyama vya Wakamba na Wataita. Viongozi wao, ambao madai yao yalihusu mashamba na mifugo, walizuiliwa Kapenguria. Vita vilipokwisha, askari Waafrika waliorudi kutoka Burma hawakuwa tayari kuning'inizwa kikopo tena, na mwaka wa 1947 ikatungwa sheria mpya iliyowataka watu wa rangi zote wasajiliwe kwa alama za vidole. Walowezi wakaja juu, wakisema kuchukuliwa vidole ni jambo la kumfanyia mhalifu. Serikali ilirudi nyuma, ikakubali kwamba mwenye elimu ya kutosha atoe picha na sahihi badala ya vidole. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo wa maana halisi ya kipande. Waliokitetea kwa miaka 28 kama utaratibu wa kawaida walikitambua kuwa fedheha siku kilipoelekezwa kwao.

Kisha ikaja imajensi, kama wazee wa mkoa wa Kati wanavyoiita hali ya hatari hadi leo. Chifu Mkuu Waruhiu, aliyekuwa upande wa serikali, aliuawa kwa risasi tarehe 7 Oktoba 1952, na usiku wa tarehe 20 Gavana Evelyn Baring, aliyekuwa amefika Kenya majuma machache tu, alitangaza hali ya hatari. Jomo Kenyatta, baadaye rais wa kwanza wa Kenya, na wenzake wengi walikamatwa usiku uleule. Maasi ya Mau Mau, ya Wakikuyu na majirani zao dhidi ya utawala wa Waingereza, yalikuwa ya kweli na yalimwaga damu, zaidi ya yote damu ya Waafrika wenyewe. Asiyekiri hilo hawezi kueleza kwa nini watu wengi waliivumilia serikali ilipoanza kukaza. Lakini kanuni zilizofuata zilikwenda mbali zaidi ya msitu. Zilimruhusu gavana kuzuia watu bila kesi, kuadhibu vijiji vizima, kunyang'anya mifugo na ardhi, kufunga magazeti na shule. Makosa ya kunyongewa yaliongezwa, na kufikia mwisho wa vita watu 1,090 walikuwa wamepanda jukwaa la kitanzi.

Tarehe 24 Aprili 1954 Jenerali George Erskine aliuzingira mji wa Nairobi kwa majeshi. Mitaa ya Waafrika ilifungwa mmoja baada ya mwingine, watu wakapangwa foleni na kupitishwa mbele ya gakunia, mshtaki aliyevikwa gunia kutoka kichwani lenye matundu mawili ya macho. Aliyetikisiwa kichwa na gunia lile alipandishwa lori. Katika majuma machache Wakikuyu, Waembu na Wameru wapatao 24,000 walipelekwa kambini. Waliobaki walipewa kitabu cha kibali kilichomwambia askari pale waliporuhusiwa kuishi na kufanya kazi. Mchujo ukawa elimu yenye madaraja: mweupe alirudi nyumbani, wa kijivu alifanyishwa kazi, mweusi alipelekwa mbali, akivutwa kutoka kambi hadi kambi mpaka aungame. Mahali pengi mzigo wa kujithibitisha ulimwangukia mshukiwa. Ni kanuni ambayo tutakutana nayo tena.

Nje ya kambi, kuanzia katikati ya mwaka wa 1954, familia ziliamriwa kubomoa nyumba zao zilizotawanyika mashambani na kujenga nyingine kwa mistari, ndani ya mahandaki yenye miti iliyochongwa ncha. Watu zaidi ya milioni moja walihamishiwa vijiji zaidi ya 800. Kafyu ilidumu karibu saa zote. Akina mama walipewa muda mfupi wa kuchota maji na kutafuta chakula, chini ya macho ya askari wa ulinzi wa vijiji, Home Guard. Vijiji hivyo vilielezwa kuwa ni ulinzi dhidi ya magaidi, na pia maendeleo. Vingi havikuvunjwa hata baada ya hatari kuisha, na hadi leo miji kadhaa midogo ya Kati imesimama juu ya mistari iliyopigwa na ofisa wa wilaya. Uchaguzi wa Waafrika ulipofanyika mwaka wa 1957, Mkikuyu hakupiga kura bila cheti cha utiifu. Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, na maelezo ya kwanza ya serikali yalikuwa kwamba walikuwa wamekunywa maji. Kashfa hiyo iliharakisha mwisho. Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960, lakini siku zilezile zikatungwa sheria za kulinda usalama wa umma, zilizobakiza mikononi mwa gavana uwezo wa kumzuia mtu bila kutangaza hatari yoyote.

Sheria hizo zilikabidhiwa pamoja na bendera. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Tarehe 25 ya mwezi huohuo, siku 13 baadaye, hali ya hatari ilitangazwa tena, safari hii kaskazini mashariki. Eneo hilo halikuwa geni kwa sheria za pekee: tangu mwaka wa 1902 liliwekwa nje ya mipaka ya kawaida, na sheria ya mwaka wa 1934 iliwataka watu wake wawe na kibali cha kutoka. Wasomali wengi wa huko walitaka kujiunga na Somalia, na wapiganaji, walioitwa mashifta, walishambulia vituo na misafara. Serikali ya Jomo Kenyatta, aliyekuwa mfungwa wa imajensi, ilifungua kabati la Baring na kuvitoa vifaa vyake. Kanuni za mwaka wa 1966 ziliruhusu kukamatwa na kupekuliwa bila hati, mifugo kutwaliwa, watu kukusanywa katika manyatta zilizozungushiwa waya. Kwa mfugaji, ambaye uhai wa ngamia wake ni kutembea, kufungiwa mahali pamoja kulikuwa kufilisiwa. Oktoba 1967 Kenya na Somalia zilipatana mjini Arusha kwa upatanishi wa Kenneth Kaunda, na vita vikaisha. Kanuni hazikuisha. Mwaka wa 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa dhidi ya kushtakiwa kwa yaliyotendwa huko tangu Krismasi ya 1963, na hali ya hatari yenyewe ilidumu hadi mwaka wa 1991.

Hesabu hiyo inahitaji kusomwa polepole. Mtoto aliyezaliwa Wajir mwaka wa uhuru alitimiza miaka 28 bila kuishi hata siku moja chini ya sheria zilezile zilizomlinda mtoto wa Nyeri. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Wadegodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, kwa jina la kunyang'anya silaha. Waliketishwa juani kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, kisha risasi zikalia. Serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka wa 2013, iliona kwamba idadi ilikaribia elfu moja.

Nairobi nako, jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 lilimpa Rais Daniel arap Moi hofu ambayo alikwisha kuanza kuitumia kabla haijafika. Kifungu cha kuifanya nchi kuwa ya chama kimoja kilipitishwa mwezi Juni. Wahadhiri, wanafunzi na wanasheria walishukiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, wakateswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, baadhi vikiwa vimejazwa maji. Jengo hilohilo lina ofisi za idara ya uhamiaji. Mkenya anayepanga foleni leo kuomba pasipoti hupanga juu ya vyumba hivyo.

Ndipo, Novemba 1989, utawala wa Moi ulipowaagiza Wasomali wote wa Kenya waliotimiza miaka 18 wajitokeze kuchujwa, hata kama walikuwa na vitambulisho halali. Sababu iliyotolewa ilikuwa wakimbizi na majangili kutoka Somalia. Waliofaulu walipewa kadi ya waridi ya kuonyeshwa pamoja na kitambulisho. Baadhi ya walioshindwa walivushwa mpaka na kuachwa katika nchi wasiyoijua. Raia wengine walijulikana kwa karatasi moja. Hawa walitakiwa wawe na mbili, na ya pili ilikuwa ya kuthibitisha kwamba ya kwanza si ya uongo. Mchujo wa 1954 ulikuwa umerudi, na nafasi ya gunia ikiwa imechukuliwa na kamati ya wazee.

Katiba ya mwaka wa 2010 iliandikwa na watu walioikumbuka historia hii. Iliweka haki ya faragha, ikawekea hali ya hatari masharti na muda. Lakini mwaka huohuo laini za simu zilianza kusajiliwa kwa kitambulisho, kwa hoja ya uhalifu wa kutumia simu; na Oktoba 2011 jeshi lilipoingia Somalia kupigana na kundi la Al-Shabaab, vita vilikuja nyumbani. Al-Shabaab iliua watu 67 katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013. Majuma machache baadaye ulizinduliwa mpango wa Nyumba Kumi, ulioazimwa Tanzania, ambako chama cha TANU kiliujenga katikati ya miaka ya 1960 ili kiongozi wa nyumba kumi, aitwaye balozi, amjue kila mgeni wa nyumba zake. Aprili 2014 polisi waliingia Eastleigh katika Operesheni Usalama Watch na kuwakamata watu kwa maelfu, wengi Wasomali, wakiwapeleka kuchujwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Ilikuwa ni miaka 60, mwezi kwa mwezi, tangu Erskine auzingire mji huohuo. Baada ya mauaji ya Mandera mwishoni mwa mwaka, sheria ya usalama ilipitishwa Desemba katikati ya ngumi na maji yaliyomwagwa Bungeni. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane, kikiwamo kile cha kutoruhusu wakimbizi kuzidi 150,000. Kifungu cha kudukiza mawasiliano kwa ajili ya kupambana na ugaidi kilipona.

Januari 2019, siku tatu baada ya shambulio la hoteli ya Dusit, ilianza kutumika sheria iliyokuwa imekwisha kupitishwa kimya ndani ya marekebisho mengi madogomadogo. Iliunda daftari moja la taifa, Huduma Namba, na iliruhusu kukusanya vinasaba na mahali hasa mtu anapoishi. Miongoni mwa wa kwanza kwenda mahakamani walikuwa Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, ambao kwa vizazi walikuwa wakihojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho. Walijua kwamba daftari jipya likijengwa juu ya la zamani, aliyeachwa nje ya lile ataachwa nje ya hili, na safari hii atakosa shule, hospitali na laini ya simu kwa pamoja. Tarehe 30 Januari 2020 mahakama ilikataa vinasaba na ramani ya makazi, na ikaruhusu mpango uendelee ukiwekewa sheria kamili.

Majuma sita baadaye korona ilifika. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na kufunga milango kulikuwa na sababu ya kitabibu. Hata hivyo kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 haikuegemea sheria ya afya. Iliegemea Sheria ya Utulivu wa Umma, iliyotungwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1950. Jioni ya kwanza wasafiri waliokuwa wakisubiri feri ya Likoni walipigwa virungu na mabomu ya machozi wakalazwa pamoja chini, ukaribu ambao kinga dhidi ya ugonjwa ilitaka usiwepo kabisa. Katika siku kumi za mwanzo watu wasiopungua sita walikufa mikononi mwa polisi. Kafyu ilidumu karibu miezi 19. Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema kadi za Huduma zilitolewa kinyume cha sheria ya kulinda data. Siku sita baadaye, tarehe 20, Rais Uhuru Kenyatta aliondoa kafyu akihutubia sherehe za Siku ya Mashujaa, siku iliyoanza kuadhimishwa kwa sababu ndiyo baba yake, Jomo, aliyokamatwa.

Huduma Namba imezikwa na serikali iliyofuata, na mahali pake pamekuja Maisha Namba, ambayo nayo imekwenda mahakamani na kurudi. Tarehe 5 Februari 2025, mjini Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kuondoa mchujo wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani wanaoomba vitambulisho. Kwa mujibu wa tangazo hilo, kijana wa Wajir hatatakiwa tena kuleta kitambulisho cha babu yake mbele ya kamati. Atakwenda ofisini kama kijana wa Nyeri, na ofisa atamshika mkono, avigandamize vidole vyake kimoja baada ya kingine.